Kabla uuze simu ununue sinthesaiza, soma hii kwanza

Wacha nianze na aibu yangu, ndiyo ujue sikuhubirii. Nikiwa mwaka wa pili chuoni, mamangu alinitumia Sh32,000 za karo. Jioni ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimesimama kwa steji Umoja, namhesabia noti msee niliyempata mtandaoni, na kwapani nimebana sinthesaiza ya mkono wa pili. Mashine ilikuwa safi. Hakuna kitufe hata kimoja kilichokuwa kimekufa.

Shida ilikuwa mimi. Nilikuwa nimekesha wiki nzima nikitazama video za watu wa Berlin na Los Angeles, vyumba vimejaa vibonye na taa ndogo ndogo, nyaya zimening'inia kama tambi. Nikajiambia nikipata moja tu, muziki utakuja wenyewe. Haukuja. Miezi 5 nilibonyeza sauti zile zile zilizowekwa kiwandani, halafu nikaiuza Sh19,000 juu mwenye nyumba alikuwa ameweka kufuli mlangoni. Chuoni sikurudi.

Mama alipojua hakupiga kelele. Aliniomba tu nimpigie ile mashine asikie inavyolia. Nikamwambia nimeshaiuza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo hata kusikia sikusikia."

Nakuambia hii juu najua kuna mtu anayesoma hapa na tayari amepiga simu yake picha za kuiuza. Sikukatazi. Lakini miaka ya karibuni kumetokea mambo mazito kwa dunia ya sinthesaiza, na ukiyaangalia vizuri utaona doh yako inafaa kuenda wapi, na haifai kuenda wapi.

Umeisikia, hata kama huijui

Ile kibodi ya kanisani mtaani, inayopiga ngoma yenyewe huku mwimbishaji akiongeza nyuzi juu yake, ni ukoo mmoja na hizi mashine. Besi ya arbantone inayokupiga kifuani, mara nyingi imetoka humo humo. Gita hutoa sauti kwa waya unaotikisika. Sinthesaiza huanza na umeme.

Kuna sehemu tatu za kujua. Ya kwanza ni osileta, ambayo hutikisa umeme haraka sana. Ukitikisika mara 440 kwa sekunde, unapata ile noti ya A ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao.

Ya pili ni filta. Nganya ikipita madirisha yamefungwa, unasikia nini? Besi peke yake, dum dum. Makanga akifungua mlango, ghafla unasikia matoazi, sauti ya msanii, kila kitu. Wimbo haujabadilika. Kilichobadilika ni kile kilichoruhusiwa kupita. Hiyo ndiyo filta.

Ya tatu ni envelopu. Hii huamua sauti inaanza vipi na inakufa vipi. Ikianza kwa kishindo na kukatika mara moja, una ngoma. Ikipanda polepole na kukaa, una zile nyuzi za kibodi ya kanisani.

Ukielewa hizo tatu, umeelewa sehemu kubwa ya kila sinthesaiza utakayokutana nayo. Mimi nilikuwa nazo zote tatu mbele yangu kwa miezi 5 na sikujua.

Moog: jina lilibaki, watu wakaondoka

Sasa twende Marekani. Bob Moog alionyesha mashine yake kwa mara ya kwanza mwaka wa 1964. Mwaka wa 1970 ikatoka Minimoog, ndogo kiasi cha kubebeka hadi jukwaani, na karibu kila sinthesaiza ya kibodi iliyofuata imeiga kitu kutoka kwake. Moog alifariki mwaka wa 2005, lakini kampuni iliendelea mjini Asheville, North Carolina, ambapo wafanyakazi waliunganisha mashine kwa mikono yao. Mwaka wa 2015 wafanyakazi hao walipewa sehemu ya umiliki wa kampuni.

Watu walilipa maelfu ya dola kwa furaha juu ya hiyo hadithi. Ulikuwa unanunua jina, na pia mikono ya watu wa Asheville.

Juni 2023, Moog iliuzwa kwa inMusic, kampuni kubwa inayomiliki pia Akai na Numark. Miezi michache baadaye wafanyakazi wengi wa Asheville waliachishwa kazi. Mashabiki duniani kote waliomboleza kama msiba wa familia. Mashine zinaendelea kutengenezwa, na nembo ni ile ile. Lakini ukitaka kujua kwa nini watu wazima walikuwa na uchungu, jiulize: ukinunua kitu kwa sababu ya waliokitengeneza, halafu hao waondolewe, umebaki na nini?

Siwacheki. Mimi pia nilinunua hadithi, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa ya bei ya chini.

Mzee aliyetoa bure

Mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 31 Mei 2022, Dave Smith alifariki mjini Detroit akiwa na umri wa miaka 72. Huenda jina lake hulijui. Kazi yake unaitumia kila mara unapochomeka kibodi kwa laptopu na ikaitikia.

Smith ndiye aliyeunda Prophet-5 ya mwaka wa 1978, sinthesaiza iliyoweza kukumbuka sauti ulizotengeneza badala ya kukulazimisha kuzungusha vibonye upya kila siku. Hiyo pekee ingetosha. Lakini wakati huo kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mashine ya huyu haikuongea na ya yule. Ukinunua Roland, umefungwa na Roland.

Mwaka wa 1981, Smith na mwenzake Chet Wood walipendekeza lugha moja ya mashine zote. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland kule Japani, alikuwa akisukuma wazo hilo hilo. Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko California, waliunganisha Prophet-600 na Roland Jupiter-6 kwa waya. Ukibonyeza huku, kule kunalia. Hiyo ndiyo MIDI.

Sikiza sehemu inayonigusa: hawakuitoza ada. Kampuni yoyote, kubwa au ndogo, ilikubaliwa kuitumia bila kuwalipa. Ndiyo maana zaidi ya miaka 40 baadaye bado inafanya kazi, kwenye studio ya Hollywood na kwenye chumba cha bati Kayole. Mwaka wa 2013 wawili hao walipewa Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki mwaka wa 2017.

Mashine za 1983 nyingi zimekufa au zimekuwa za makumbusho. Kile kilichotolewa bure ndicho kimedumu.

Mitumba iliyozaa muziki mpya

Kama unadhani vifaa vya bei kali ndivyo huzaa muziki mpya, angalia Roland tena. TR-808 ilitoka mwaka wa 1980 na kufikia 1983 walikuwa wameacha kuitengeneza. Takriban 12,000 tu. Watu walilalamika kwamba haikulia kama ngoma ya kweli. TB-303 nayo iliundwa iwe mpiga besi wa mwanamuziki anayefanya mazoezi peke yake. Haikulia kama besi ya kweli, na kufikia 1984 nayo ilikuwa imeisha.

Zikaishia kwa maduka ya mitumba, bei ya kutupa. Na waliozinunua ni vijana wasiokuwa na doh. Kule Chicago, vijana waliojiita Phuture walichukua 303 wakazungusha filta yake hadi ikaanza kulia kama kitu kinachokamuliwa. Mwaka wa 1987 wakatoa "Acid Tracks", na mtindo mzima wa muziki ukazaliwa hapo. 808 nayo ikawa uti wa mgongo wa hip hop, kisha trap.

Leo 303 ya kweli inauzwa kwa pesa ambazo vijana hao hawangeweza kuziota. Mashine ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu alikaa nayo akaiuliza maswali ambayo mwenye kiwanda hakuyauliza.

Ya bure, tena ya ukweli

Huko Ufaransa, mhandisi Émilie Gillet aliendesha kampuni ndogo iitwayo Mutable Instruments. Alitengeneza moduli, yaani vipande vya sinthesaiza ambavyo unaviunganisha mwenyewe kwa nyaya. Kisha akafanya kitu ambacho mfanyabiashara wa kawaida angekiita wazimu: aliweka michoro na programu zake wazi, yeyote asome, yeyote ajenge.

Mwaka wa 2022 aliifunga kampuni. Mahali pengine hiyo ingekuwa mwisho. Lakini moduli zake bado zinajengwa na watu wengine, kwa jina lingine, kihalali kabisa. Na mbili tatu kati ya hizo unaweza kuzipata usiku huu bila kulipa, kwa sababu zimo ndani ya VCV Rack, programu iliyoanza mwaka wa 2017 inayogeuza laptopu yako kuwa ule ukuta wa nyaya niliokuwa nikiutamani. Toleo la kawaida ni la bure.

Kama laptopu yako ni mzee na feni inapiga kelele kama posho mill, VCV Rack inaweza kukwama. Jaribu Surge XT, ambayo ni nyepesi zaidi, au toleo la bure la Vital, iliyotoka mwaka wa 2020. Huhitaji ile programu iliyokrakiwa uliyopewa kwa flashi, iliyokuja na virusi vyake.

Usinielewe vibaya, kifaa cha kushikwa kina utamu wake. Vidole vikizungusha kibonye, masikio hujifunza haraka, na hakuna notifikesheni ya WhatsApp inayokukatiza. Pia laptopu inataka stima, na tokeni haziombi ruhusa kuisha. Ukifikia mahali unajua kabisa ni kitu gani programu haiwezi kukufanyia, nunua. Hapo unanunua ala. Mimi nilinunua matumaini.

Nyumbani kuko vipi?

Usidhani hii ni stori ya wazungu na Wajapani. KMRU, Joseph Kamaru, mjukuu wa yule Kamaru wa nyimbo za Kikuyu, amejulikana duniani kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzifanyia kazi hadi ziwe muziki mpana, wa taratibu. Albamu yake "Peel" ilitoka mwaka wa 2020. Slikback, pia wa Nairobi, alipitia lebo ya Hakuna Kulala ya Kampala, iliyo familia moja na tamasha la Nyege Nyege lililoanzia Jinja mwaka wa 2015. Na hapa jijini, Santuri wamekuwa wakifundisha vijana utayarishaji wa muziki wa kielektroniki. Kuna mahali pa kuuliza swali na ujibiwe na mtu anayeongea kama wewe.

Kwa hivyo fanya hivi. Pakua programu moja, si tano. Wiki mbili, usifungue sauti za kiwandani hata moja. Anza na osileta moja, filta moja, envelopu moja. Jaribu kutengeneza honi ya mathree. Jaribu mbu. Jaribu mlango wa gate ukifunguka. Utashindwa mara nyingi, na kila ukishindwa utakuwa umejua kibonye kimoja zaidi. Baadaye rekodi kitu cha mtaani kwako kwa simu hiyo hiyo uliyotaka kuuza, ukipitishe kwenye filta.

Mimi nilirekodi mvua kwenye mabati, nikaiweka chini ya noti mbili ndefu. Dakika 4. Ilinichukua wiki 3. Nikamtumia mama kwa WhatsApp bila maelezo. Tiki zikawa bluu usiku, jibu halikuja. Asubuhi akapiga simu.

"Nimesikia," akasema. "Ni kama nyumbani Aprili. Lakini mbona inachukua muda mrefu hivyo kuisha?"

Nimemrudishia Sh11,000 kufikia sasa. Zimebaki Sh21,000.