Swali Litoke Muleba

Mtafiti anayepata ufadhili wa kukaa mwaka mmoja katika chuo cha Ulaya au Marekani hupewa chumba cha kazi, kadi ya maktaba na muda usiokatizwa na vipindi wala mitihani ya kusahihisha. Swali la utafiti hapewi, huenda nalo. Kwa mwanazuoni wa Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, hapo ndipo faida ya safari hupatikana au kupotea. Anna Tibaijuka, mzaliwa wa Muleba, alisomea uzamivu wa uchumi wa kilimo Uppsala, Uswidi, na alichokwenda kukichambua huko ni kibanja cha Kagera, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni yake. Makala yake ya mwaka 1994 ilionyesha kuwa kulegeza desturi inayotenga kazi za wanaume na za wanawake kungeweza kuongeza kipato cha fedha cha kaya hadi asilimia 10. Mbinu za hesabu hizo hufundishwa vyuo vingi duniani, lakini kuzielekeza kwenye ugawaji wa kazi kibanjani ni jambo la mtu anayekijua kibanja.

Hata mgeni anayekuja kwetu huongozwa na wenyeji. Mmarekani Peter Schmidt alipofanya utafiti Katuruka, jirani na mji wa Bukoba, masimulizi ya wazee kuhusu Mukama (mfalme) Rugomora Mahe na mti wa Kaiija ndiyo yaliyomwonyesha pa kuchimba. Mwaka 1978, yeye na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba wahunzi wa eneo hili, miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walipasha hewa moto kabla haijaingia katikati ya tanuri.

Msomaji atauliza: kama swali liko nyumbani, kwa nini kulifuata ng'ambo? Ni kwa sababu sehemu ya ushahidi imehamia huko. Kitabu cha Hermann Rehse kuhusu Kiziba, ufalme wa zamani wa Buhaya, nchi ya Wahaya, kilichapishwa Stuttgart mwaka 1910, kwa Kijerumani. Karatasi za Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu Bukoba kuanzia 1961 hadi 1964, zimehifadhiwa Uppsala. Kuzipiga picha na kuziweka mtandaoni kutasaidia, ila bado anahitajika mtu wa kuyatambua majina ya koo na vijiji vya Buhaya yanayotajwa humo.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wasomi wakishaondoka hawarudi. Hawaondoki bila sababu. Utafiti ulioanza Kagera mwaka 1991 kwa kaya zaidi ya 900 ulizifuata tena familia zilezile mwaka 2004, ukakuta kuwa kuhama kuliongeza ukuaji wa matumizi ya mtu kwa pointi 36 za asilimia. Kumlaumu anayetafuta maisha hakujengi kitu. Lakini hata jambo hilo lilijulikana kwa sababu watafiti walirudi kwa watu walewale na kuwauliza upya. Basi tunalopaswa kumdai mfadhiliwa ni kazi yake irudi, hata kama yeye atabaki huko: nakala ifike Bukoba, na muhtasari wa Kiswahili uwafikie waliojibu maswali yake. Na anayejaza fomu ya maombi leo, kabla hajachagua chuo, ajiulize nani Muleba anayelihitaji jibu atakalolitafuta.