Je, Wajua? Ardhi ya Meru Haijui Baridi ya Julai

Mita chache chini ya shamba la Meru au Embu, joto la udongo hukaribia nyuzi 20 za Selsiasi mwaka mzima, kwa kuwa eneo hilo liko kwenye Ikweta au karibu nayo, na majira hayatofautiani sana.

Pampu ya joto, yaani mashine inayovuta joto hilo la ardhini jinsi friji inavyolivuta kwenye chakula, hutegemea mzingo: bomba la plastiki lililozikwa, ambamo maji huzunguka. Ulaya, ambako baridi hupenya udongo, bomba hilo hufukiwa mita 1 hadi 2, au huteremshwa kisimani hata mita 100 au zaidi. Huko Meru na Embu, udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una kina kirefu, na unyevu wake ni neema, maana udongo mkavu hupitisha joto kwa shida.

Mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, ni jambo jingine kabisa: huo hutokana na miamba moto, ilhali joto la mzingo hutokana hasa na jua. Kwa nyumba ya Meru, kazi bora ya pampu hiyo ni kupasha maji ya kuoga, wala si vyumba.