Nairobi hadi Mombasa na Watoto: Okoa kwenye Kiti, Lipa kwa Fundi

Familia nyingi za Nairobi zikipanga kwenda Mombasa huanza na hoteli, zikafuata nauli, na vinyago hununuliwa dakika za mwisho nje ya Fort Jesus, jua la saa saba likiwaka na mtoto mdogo akilia. Mimi ningeupindua mpango huo. Tuanze na nauli, kwa kuwa ndiyo bei usiyoweza kupatana nayo.

Tuchukue baba, mama na watoto watatu: wa miaka 13, 9 na 2. Kwa nauli za treni ya SGR zilizoanza kutumika Januari 2024, mtu mzima hulipa Sh1,500 daraja la kawaida na Sh4,500 daraja la kwanza. Aliye chini ya miaka mitatu halipi nauli, wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na huyo wa 13 ni mtu mzima kamili machoni pa mkata tiketi, hata kama nyumbani bado huamshwa mara tatu ndipo aoge. Kwenda na kurudi, familia hii italipa Sh10,500 daraja la kawaida au Sh31,500 daraja la kwanza. Tofauti ni Sh21,000, na hizo ndizo pesa ninazozililia katika makala haya. Kiti cha daraja la kwanza ni kipana zaidi, sikatai. Lakini Tsavo ni ileile dirishani, na viti vya kawaida vimepangwa vikitazamana, kitu ambacho mzazi wa watoto watatu atakifurahia kuliko upana wowote.

Gari la nyumbani je? Barabara ni kama kilomita 485. Weka kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini, unakaribia kilomita 1,070. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa takriban lita 90. Ukikadiria lita kwa Sh180, hizo ni Sh16,200 kabla hujasimama Mtito Andei kwa chai na chipsi. Treni bado ni nafuu, ila ina gharama zake za pembeni: kufika Syokimau, kisha kutoka Miritini hadi kisiwani, maana kituo kiko nje ya mji. Gari hushinda mkiwa watu sita au saba wa kulipa nauli, au mkiwa mnalala Diani na mnataka kuzunguka. Basi linakushusha katikati ya mji na mtoto wa mapajani huwa hakatiwi tiketi, lakini nauli hupanda msimu wa sikukuu, na safari ya usiku kati ya malori ya barabara ile si ya kumpendekezea mtu mwenye mtoto wa miaka miwili.

Malazi nitayapita haraka. Hoteli ya ufuoni inayouza chumba pamoja na milo mitatu inamfaa asiyetoka hotelini. Ukienda kutembea Mji wa Kale mchana, chakula cha hoteli umekilipia na cha mjini utakilipia pia. Kwa safari ya kuzunguka, nyumba yenye jiko upande wa Nyali au Bamburi inafaa zaidi, au hoteli ya kitanda na kiamshakinywa tu. Hata hicho kiamshakinywa wakati mwingine ni hasara, kwa sababu mbaazi za nazi na mahamri mnavikuta mtaani kwa bei ambayo haitawashtua.

Katika kutembea, Mombasa ina ukarimu kwa asiye na pesa nyingi. Feri ya Likoni haimtozi mtu anayevuka kwa miguu. Ni magari yanayolipa. Watoto wa bara hawataki zaidi ya hapo: meli kubwa za mizigo zinapita karibu nao na hawajalipa senti. Mama Ngina Waterfront ni mahali pa madafu na mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, jioni upepo ukipungua ukali. Haller Park, machimbo ya zamani ya kiwanda cha saruji yaliyogeuzwa msitu, hulipiwa kwa kichwa, kwa hiyo kwa familia kubwa hesabu inapanda upesi. Pa kulipia bila kunung'unika ni Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2011. Raia hulipa sehemu ndogo tu ya anachotozwa mgeni, basi bebeni vitambulisho. Msikose chumba chenye vitu vilivyoopolewa kutoka meli ya Santo António de Tanná, iliyozama hapo mbele mwaka 1697 Waarabu wa Oman walipokuwa wameizingira ngome.

Sasa manunuzi. Vingi vinavyouzwa kuizunguka ngome havikutengenezwa Mombasa. Vinyago vya mawe vimetoka Tabaka, Kisii. Viondo vya mkonge vimesukwa Ukambani. Shanga za Kimaasai mnazikuta kila wiki kwenye soko la Maasai huko huko Nairobi. Ukivinunua pwani unavilipia nauli ya kuteremka, kisha unavibeba mwenyewe kuvirudisha.

Vya pwani ni vingine. Leso zipo Biashara Street, na mafundi wenye cherehani barazani watakukatia na kukupindia pea yako mkisubiri. Shika kitambaa kabla ya kusoma jina: nyingine ni wanga mtupu, zikifuliwa mara moja hulegea kama chachi ya hospitali. Mikeka na vikapu vya miyaa, kawa za kufunikia chakula na viungo vya soko la Marikiti viko hatua chache kutoka hapo. Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa kwa ajili ya swala.

Kwa vinyago vya mti, mwende Changamwe, kwenye ushirika wa wachongaji wa Kikamba ulioanzishwa mwaka 1963. Inasimuliwa kwamba uchongaji huu ulianza na Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo huko Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mnawaona mafundi wamekaa chini ya vibanda, tezo mkononi, na mtoto wa miaka tisa atasimama pale kwa muda mrefu kuliko alivyosimama makumbusho. Bei dukani imeandikwa, kwa hiyo hakuna ile kazi ya kuanza na nusu na kujifanya unaondoka. Bombolulu, karakana za watu wenye ulemavu zilizoanza mwaka 1969, ni chaguo jingine zuri kwa mapambo na vitu vya ngozi.

Hapo ndipo ile Sh21,000 ingeenda, angalau sehemu yake, lakini kwa macho. Mpingo wa kweli ni mzito na huzama majini. Mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu huonekana uleule kwa mbali. Pindua kinyago, sugua chini kwa kitambaa cheupe chenye maji, uone kama kitageuka cheusi. Kisha tazama ncha ya mti: ufa uliozibwa kwa nta au gundi na vumbi la mbao ni dalili kwamba kilichongwa mti ukiwa mbichi, na hewa kavu ya Nairobi itaupanua. Mwarobaini, mwembe na jakaranda hukua haraka, bei yake huwa ya chini, na kuitumia hakupunguzi mpingo wala muhugu, ambayo imepungua misituni. Magamba ya kasa msiguse kabisa. Ni kosa kisheria.

Changamwe iko upande uleule wa Miritini, basi ipangieni asubuhi ya siku ya kuondoka kwa treni ya alasiri, teksi moja ifanye kazi mbili. Mkinunua twiga mrefu, mwambieni fundi amfunge kadibodi na magazeti miguuni, kwa kuwa hapo ndipo huvunjikia, na ndani ya treni alazwe juu ya masanduku, si chini yake.