Mauser na Lee-Enfield: Bunduki Mbili za Vita Vikuu

Askari wa jeshi la Wajerumani waliopigania Tanga mwezi wa Novemba 1914 walichukua, wengi wao, bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotiwa risasi moja moja za milimita 11 kwa baruti nyeusi, nayo kila ilipolia ilifuka wingu la moshi likamfichulia adui mahali alipolala mpigaji. Basi si ajabu kwamba, walipokwisha kuwarudisha Waingereza na Wahindi merikebuni, walizitwaa kwa hamu mamia ya bunduki mpya zilizoachwa nyuma. Katika Vita Vikuu vile zilikabiliana bunduki mbili zilizosifika kuliko nyingi za zama zao, yaani Mauser ya 1898 na Lee-Enfield ya 1907, na hoja ya kuwa ipi ndiyo bora haijakatika hata leo.

Zote mbili hufungwa kwa kipande cha chuma cha mviringo mfano wa komeo la mlango: mpigaji hukiinua kwa mkono, akakivuta nyuma ganda tupu likaruka, akakisukuma mbele kikachukua risasi mpya, kisha akakilaza kikashika. Tofauti kubwa baina yao ni mahali pa kushikia. Paul Mauser, fundi wa Oberndorf, aliyaweka meno mawili yenye nguvu mbele kabisa, nyuma tu ya risasi, ili kishindo kipokewe pale pale kinapozaliwa, akaongeza jino la tatu nyuma kuwa akiba endapo yale mawili yatavunjika, na matundu ya kuiepusha hewa ya moto na jicho la mpigaji ikiwa ganda litapasuka. Fauka ya hayo alitia kucha pana ya chuma inayolidaka ganda mara litokapo magazini, isiliachilie mpaka litupwe nje, hata askari aliyetaharuki akirudisha komeo nusu ya njia hawezi kuzisukuma risasi mbili mahali pa moja. Kwangu mimi hii ni kazi timamu ya ufundi, na Wamarekani, walioiiga katika bunduki yao ya Springfield ya 1903, walilazimika kumlipa Mauser haki yake.

James Paris Lee, mzaliwa wa Uskoti aliyelelewa Kanada, alishika njia nyingine. Meno ya komeo lake yako nyuma, na kwa hiyo chuma kilicho katikati hutanuka kidogo bunduki inapolia, jambo ambalo mafundi wameliona kuwa ni nuksani. Lakini kwa nuksani hiyo alinunua wepesi. Komeo la Lee huinuliwa nyuzi 60 tu ambapo la Mauser hutaka 90, safari yake ya nyuma ni fupi, na mpini wake umepindwa ukakaa karibu na kidole cha kufyatulia. Zaidi ya hayo, kamani ya kupiga fataki katika Mauser hukazwa wakati wa kufungua, saa ile ile mkono unapohangaika na ganda lililonata kwa joto, ilhali katika Lee-Enfield hukazwa wakati wa kufunga, mkono unaposukuma kwa nguvu zake zote. Magazini yake huchukua risasi 10, ya Mauser 5. Askari wa Kiingereza aliyefunzwa barabara alitakiwa apige shabaha ya yadi 300 mara 15 kwa dakika moja, na wengi waliipita hesabu hiyo.

Aibu ya Lee-Enfield ni risasi zenye ukingo kitakoni, ambazo zikipangwa vibaya ukingo hunasa nyuma ya ukingo, na bunduki ikagoma.

Vichakani Mauser ilikuwa na mashaka mawili: urefu wa milimita 1,250, dhidi ya 1,132 za mwenzake, na kipimo cha shabaha kilichoanzia mita 400, hata aliyelenga kifua cha mtu aliye karibu alipaswa kushusha macho asije akapiga hewa. Waingereza wenyewe hawakuithamini ipasavyo bunduki yao, kwani mwaka 1913 walikuwa wakijaribu nyingine ya mtindo wa Mauser ishike mahali pake, vita vikawakatiza. Mimi nasema Mauser ni bora kwa fundi na mwindaji, na Lee-Enfield ni bora kwa askari.

Lakini bunduki haishindi uhaba wa risasi. Meli Rubens iliyoleta silaha za Wajerumani mwaka 1915 ilipigwa mizinga katika ghuba ya Manza, shehena ikaopolewa, na risasi zilizoloa maji ya chumvi ikabidi zifunguliwe na kukaushwa, nyingi zisilie hata hivyo. Ndipo askari wakaishi kwa silaha za adui, na Lettow-Vorbeck, kamanda wao, alipojisalimisha mjini Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno.