Dadu Haitibu Homa: Mchezo wa Ubao na Elimu ya Malaria Tabora

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika Tabora. Njia hiyo yafaa kuchorwa kwenye kadibodi iwe mchezo wa kufundishia malaria, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta ugonjwa huo kwa asilimia 23 ya watoto wa Tabora wenye umri wa miezi 6 hadi 59. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 8.

Ni rahisi kuiga mchezo wa nyoka na ngazi, lakini kasoro yake ni dadu. Mtoto anayemezwa na nyoka kwa bahati mbaya aweza kudhani homa haizuiliki. Bao, lenye mashimo 32 na kete 64, halina dadu. Anayefungwa hufungwa kwa uamuzi wake. Basi msafiri akipata homa njiani, mchezo umtake achague: apime au aendelee? Anayechelewa apoteze zamu. Anayepima, akathibitika kuwa na malaria na kumaliza dozi ya dawa mseto, asonge mbele.

Kabla ya kuchapishwa, mchezo ujaribiwe na wazazi kliniki, mtunzi akitazama kimya. Swali likirudiwa na wengi, kanuni ndiyo yenye kosa. Wakiondoka wakisema kila homa ni malaria, kadi ziandikwe upya. Wanapaswa kuondoka wakijua jambo moja: mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya apimwe ndani ya saa 24.