Daktari Akikuuliza Kama Unatembea

"Mama, unatembea?"
"Natembea tu, daktari, namshukuru Mungu."

Tumelelewa kutolalamika mbele ya mkubwa. Lakini katika chumba cha tathmini ya ulemavu, jibu hilo la adabu linaweza kumkosesha mtu haki yake.

Mkazi wa Kitale au Bungoma, nchini Kenya, anayetaka kutambuliwa rasmi kuwa ana ulemavu huanza kwa tathmini ya kimatibabu hospitalini, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo humwezesha kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu na, akiwa ameajiriwa, msamaha wa kodi kwa Sh150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Mpango wa Inua Jamii nao hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa anayehitaji kutunzwa muda wote.

Hospitalini, daktari anakuona ukivuka sakafu iliyo sawa. Haoni mteremko wa Cheptais, wala tope la Kiminini wakati wa masika. Hayo ni wewe utakayemweleza.

Kusema "mguu unauma" hakutoshi. Taja umbali, muda, msaada unaopewa, na hali yako baadaye. Kwa mfano: "Kutoka nyumbani hadi lami, wenzangu hutumia dakika kumi. Mimi hutumia nusu saa, nikisimama mara nne. Mvua ikinyesha sitoki, magongo huzama. Kesho yake siamki kitandani bila kushikwa mkono."

Taja pia kazi ambazo watu huona haya kuzisema: kuchutama kwenye choo cha shimo, kuoga, kupanda matatu, kubeba mtungi wa maji, kuinama shambani wakati wa kupalilia mahindi. Eleza unachoweza ukiwa na magongo na usichoweza bila magongo. Kama kuna siku nafuu na siku mbaya, sema siku mbaya ni ngapi kwa wiki.

Kiwango cha ugumu ndicho chenye uzito. Hata sensa ya 2019 iliuliza kama mtu hana ugumu, ana ugumu kiasi, ana ugumu mwingi, au hawezi kabisa. Katika sensa hiyo, ugumu wa kutembea ndio ulioongoza, ukiwapata watu wapatao 385,000.

Usitie chumvi. Maelezo yasiyolingana na yale daktari anayoyaona huharibu hata sehemu iliyo kweli. Usipunguze pia.

Wiki moja kabla ya kwenda, andika au mwambie mtoto akuandikie kila ulichoshindwa kufanya. Nenda na anayekusaidia nyumbani, kwani yeye hukumbuka uliyokwisha kuyazoea. Fomu ikijazwa, omba usomewe yaliyoandikwa kabla hujaondoka. Kufanya hivyo si kumkosea daktari heshima. Ni kumsaidia aandike ukweli.