Jumba la Opera la Sydney: mapaa yaliyokatwa katika tufe moja

Anayeingia bandari ya Sydney, nchini Australia, huyaona kwa mbali mapaa meupe yaliyoinuka kando ya maji, mithili ya matanga yaliyotwekwa.

Hilo ndilo Jumba la Opera, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 20 Oktoba 1973. Msanifu aliyelibuni, Jørn Utzon wa Denmark, hakuwapo siku hiyo, na hadi alipofariki dunia mwaka 2008 hakuwahi kuliona likiwa limekamilika.

Utzon alishinda mwaka 1957 katika mashindano yaliyovutia michoro zaidi ya 200. Mchoro wake ulipendeza, lakini wahandisi hawakujua jinsi ya kuyasimamisha mapaa yale, kwa kuwa kila moja lilikuwa na mpindo wake. Hata hivyo, ujenzi ulianza mwaka 1959, kabla ya jibu kupatikana.

Fumbo lafumbuliwa

Jibu lilikuja mwaka 1961: mapaa yote yakatwe katika tufe moja, lenye takriban mita 75 kutoka kitovuni hadi ukingoni.

Ganda la chungwa linatosha kueleza. Ukilikata vipande, vikubwa kwa vidogo, vyote huwa na mpindo ule ule. Kwa hiyo mbavu za zege ziliweza kumiminwa katika kalibu zile zile mara nyingi, kisha zikaunganishwa. Juu yake vilipangwa vigae zaidi ya milioni moja vilivyotengenezwa Sweden.

Gharama na lawama

Makadirio ya awali yalikuwa dola za Australia milioni 7. Hatimaye zilitumika milioni 102. Serikali mpya ya jimbo la New South Wales, iliyoingia madarakani mwaka 1965, ilihoji gharama na kuzuia malipo. Februari 1966 Utzon alijiuzulu, akaondoka Australia.

Waliompokea kazi walibadili mpango wa ndani. Ukumbi mkubwa ukaachiwa okestra, nayo opera, iliyolipa jumba jina lake, ikahamishiwa ukumbi mdogo. Usikivu wa muziki katika ukumbi mkubwa ulilalamikiwa kwa miaka mingi, hadi ulipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2022.

Utzon alitunukiwa tuzo ya Pritzker mwaka 2003, na mwaka 2007 Unesco ikaliingiza jumba hilo katika urithi wa dunia. Heshima hizo zilimkuta angali hai, mbali na bandari ya Sydney.